Aliyebaki na kiti: niliyojifunza kwa Bharat wa Ramayan baada ya Kaka kuhama nyumbani

Ukiwauliza watu walioitazama Ramayan, tamthilia ya runinga ya India iliyotengenezwa na Ramanand Sagar, walilia wapi, wengi watakutajia Ram, mwana wa mfalme, akivua mavazi ya kifalme na kuvaa ya watawa, au Sita akikataa kubaki ikuluni wakati mumewe anakwenda msituni, au mzee Dasharatha, mfalme na baba yake, akikata roho huku akimwita mwanawe. Mimi nililia kwa Bharat, ndugu yake Ram. Bharat hakufukuzwa na mtu. Yeye ndiye aliyepewa ufalme.

Nayaandika haya kwa mtu aliye mahali pake: ndugu yako kanyimwa, wewe umepewa, hukuomba, na sasa hamsemezani. Visa vya ugomvi wa familia humfuata anayeondoka na mzigo wake kichwani. Anayebaki na mali mkononi haambiwi afanye nini.

Kwetu ni Tanga. Baba ana wake wawili. Kaka ni mtoto wa kwanza wa mama mkubwa, mimi ni wa mke wa pili, na tumekula sahani moja tangu utoto. Kaka alipomaliza shule aliingia kwenye shamba la Baba la michungwa huko Muheza. Alipalilia, akapanda miche mipya, akabishana na madalali msimu hadi msimu. Siku ya harusi yake Baba alisimama mbele ya wageni akatamka kwamba shamba lile ni la Kaka. Hakikuandikwa kitu. Baadaye mimi nikapata nafasi ya chuo Pune, India. Ada ya mwaka wa kwanza ilikopwa, na nilipokwisha kuondoka deni likawabana. Mama alimshika Baba. Alimkumbusha aliyoyavumilia katika ndoa ile, na ahadi aliyompa zamani kwamba mwanawe atasoma mpaka mwisho. Shamba likauzwa. Kaka alijua siku mnunuzi alipofika na mpimaji. Alichukua mke na watoto akahamia Mombasa, akaacha kupokea simu za Baba, kisha na zangu. Mimi nilipewa habari kwa vipande vipande, kila mtu akinificha kidogo ili nisome kwa utulivu.

Machi 2020 India ilifungwa nchi nzima. Vyuo vilifungwa, ndege za kimataifa zikasimama, wageni tukabaki tulipo. Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Mmarathi, ambaye wapangaji wote tulimwita Aaji kama wajukuu zake. Tarehe 28 Machi kituo cha taifa, Doordarshan, kilianza kuirudisha Ramayan ya zamani, saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, kila siku. Aaji alinigongea mlango akasema nisikae peke yangu chumbani na mawazo, nije sebuleni.

Yeye aliiona mara ya kwanza mwaka 1987, ilipokuwa ikionyeshwa Jumapili asubuhi. Runinga zilikuwa chache. Mtaa mzima ulijaa kwenye nyumba yenye seti, watu wakiwa wameoga, wengine wakiivisha runinga shada la maua na kuifukizia udi, kwa kuwa kwao aliyekuwa kwenye kioo alikuwa Ram mwenyewe, si Arun Govil mwigizaji. Usiku ule wa 2020 Aaji naye aliwasha taa yake ndogo ya mafuta kabla ya wimbo wa mwanzo. Mimi ni Mwislamu na sikuwa katika ibada. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya mtu, natazama kisa cha familia, nikakaa kwa adabu inayostahili nyumba ile. Ukipata nafasi ya kuitazama pamoja na mtu ambaye kisa hiki ni dini yake, fanya hivyo. Atakuonyesha mambo ambayo macho yako yangeyapita.

Na usikimbilie vita. Wageni wengi huanza pale anapoingia Hanuman, shujaa nyani anayeigizwa na Dara Singh yule mpiga mieleka, au pale Ravan, mfalme wa mapepo, anapomteka Sita. Sehemu zote ni 78, na mwendo wake ni wa taratibu sana: mtu anaweza kutazamana na mwenzake kwa muda mrefu huku sauti ya Ravindra Jain ikiimba mpaka ubeti uishe. Kihindi chake kimejaa maneno ya Kisanskriti, hivyo hata aliyezoea filamu za Bombay atahitaji msaada. Vumilia. Familia inavunjika ikuluni Ayodhya, kabla ya Sita kutekwa, na inavunjwa na watu wanaopendana.

Kwa asiyekijua kisa: Dasharatha ana wake watatu. Kausalya amemzaa Ram, Kaikeyi amemzaa Bharat, Sumitra amewazaa Lakshman na Shatrughna. Mfalme anatangaza barazani kwamba Ram atatawazwa, na mji unaanza kupambwa. Mjakazi Manthara anamtia Kaikeyi hofu kwamba siku Kausalya atakapokuwa mama wa mfalme, yeye na mwanawe watakuwa watumwa. Kaikeyi anaingia kwenye chumba cha hasira, anavua vito na kuvitupa chini, na mfalme anapokuja kumbembeleza anamkumbusha kwamba zamani vitani alimwokoa maisha naye akamwahidi mambo mawili. Sasa anayataka: Bharat akae kwenye kiti, na Ram aende msituni miaka 14.

Hapo niliacha kula. Nilimwona Baba yangu kwenye kile chumba.

Aaji aliirudia mara nyingi ile kauli ya mshairi Tulsidas inayoimbwa katika tamthilia, kwamba desturi ya ukoo wa Raghu, ukoo wa Ram, ni uhai kutoka lakini si neno. Kwa mfalme, alinieleza, neno si la kwake peke yake. Mfalme akivunja ahadi moja chumbani, kesho hakuna mkulima atakayeamini hukumu yake wala askari atakayeamini amri yake. Ndiyo maana Ram hakungoja hata baba yake atamke. Watu wa mji walimtaka abaki, Lakshman alikuwa tayari kushika silaha, na bado aliondoka, kwa sababu kubaki kwake kungemfanya baba yake mwongo mbele ya nchi.

Nilimheshimu Aaji, lakini hapa tulibishana, na bado nashikilia nilichomwambia. Dasharatha alikuwa ametoa maneno mawili. Moja alilitoa kwa mkewe faraghani, jingine barazani mbele ya mji mzima kuhusu Ram. Alilolitimiza likaitwa heshima ya ukoo, na alilolivunja halikuitwa kitu. Aaji alisema la Kaikeyi lilikuwa la zamani zaidi na lilikuwa deni la uhai. Sawa. Lakini anayelipa deni kwa mali aliyokwisha kumpa mwingine ana wajibu wa kumwambia yule mwingine usoni. Dasharatha alishindwa kumtazama Ram. Kaikeyi ndiye aliyesema. Baba naye alishindwa. Mpimaji ndiye aliyesema. Kama wewe ni mzazi na unasoma haya, ahadi ya mali unayotoa harusini iandike, wakusikie watoto wote, na ikibidi uivunje, nenda wewe mwenyewe kwa miguu yako.

Kisha akaja Bharat. Sikuwa nimeelewa kwamba hakuwepo. Yote yalipotendeka alikuwa mbali, kwa babu yake mzaa mama katika nchi ya Kekaya. Anaitwa arudi upesi bila kuambiwa sababu. Anaingia Ayodhya anakuta mji kimya, watu wanageuza nyuso, na mama yake anampokea kwa furaha kumweleza kwamba kila kitu sasa ni chake. Baba amekufa, kaka yuko msituni. Nilitoka nikasimama barazani, na Aaji akaniacha. Sehemu ilipokwisha alikuja na chai, nami nikamsimulia habari ya michungwa ya Muheza, ambayo sikuwahi kumsimulia mtu yeyote Pune.

Alichofanya Bharat baada ya hapo ndicho nilichokishika. Kuhani Vasishtha na mawaziri walimwambia akalie kiti, nchi haiwezi kukaa bila mfalme. Wajibu ulikuwa upande wake, sheria ilikuwa upande wake, na kaka mwenyewe alikuwa ameridhia. Akakataa. Akawachukua mama wote watatu, wazee, jeshi na wananchi, akaenda Chitrakoot kumtafuta kaka yake. Njiani Guha, mkuu wa Wanishad, watu wa msituni, aliwaweka watu wake tayari kupigana akidhani amekuja kuua. Lakshman naye alipoona vumbi la jeshi alitaka vita. Bharat hakukasirikia shaka yao hata mara moja. Mtu aliyefaidika na dhuluma atashukiwa, hata akija analia, na akianza kudai aaminiwe ameshaharibu safari.

Wakati bado nchi imefungwa nilituma fedha kidogo kwa Kaka kwa njia ya rafiki. Zilirudi. Ujumbe wa sauti ulisikilizwa, nikaona alama, hapakuwa na jibu. Nilipomweleza Aaji aliniuliza Bharat alipeleka dhahabu gani msituni. Hakupeleka. Alipeleka mama.

Nilirudi nyumbani baada ya masomo, nikapata kazi, na mwaka 2022 tukavuka Horohoro kwenda Mombasa, mimi, mama mkubwa na baba mdogo. Baba mdogo nilimchagua kwa sababu alikuwepo harusini na kwa sababu Kaka anamheshimu kuliko mtu yeyote wa ukoo. Hatukumwambia Kaka siku, mkewe alijua. Alipofungua mlango nilimwambia, "Shikamoo Kaka." Alinitazama sana kabla ya kuitika marahaba. Akauliza, "Umeleta fedha tena?" Nikamjibu, "Hapana Kaka, nimemleta mama yako."

Tulikaa mpaka usiku. Nilikuwa nimeandaa pendekezo kubwa: nitanunua shamba lingine Muheza, arudi, tuanze upya. Alilikataa lote. Ram naye alikataa kurudi. Bharat alipendekeza hata wabadilishane, yeye abaki msituni badala yake, na katika usimulizi wa Tulsidas, ambao Sagar aliufuata kwa sehemu kubwa, hata Janak baba wa Sita alifika, wakashauriana siku nyingi, na jibu likabaki lile lile. Ningekuwa sikuiona Chitrakoot, kule kukataa kwa Kaka ningekupokea kama chuki na ningeondoka na uchungu. Nilikuwa nimeshaona mtu anayempenda ndugu yake kwa moyo wote na bado harudi. Watoto wake walikuwa shule ya Mombasa, mkewe ana biashara yake, maisha yake yalikuwa pale.

Alitaka jambo moja. "Shamba silitaki. Nataka Baba aseme mbele ya watu waliokuwepo harusini kwangu kwamba aliniahidi. Watu wanadhani nilidai kisicho changu."

Hilo lilituchukua muda mrefu kuliko yote. Baba alisema mzazi haombi radhi kwa mtoto. Baba mdogo akagonga mwamba, shangazi akagonga mwamba. Nilipomwambia Baba kwamba hakuna anayemtaka aombe radhi, anatakiwa kutoa ushahidi tu, kama shahidi yeyote aliyeona na kusikia, ndipo alipolegea. Siku ya Idd el Fitr, barazani baada ya swala, mbele ya wazee wale wale, alisema: "Shamba la Muheza nilimpa mwanangu mkubwa, kisha nikaliuza bila kumwambia." Baba mdogo alikuwa ameshika simu iliyo hewani, Kaka anasikia Mombasa. Kama ndugu yako amekataa mali, msikilize vizuri. Mara nyingi anataka kusafishiwa jina.

Viatu vya mbao vya Ram ambavyo Bharat alivichukua Chitrakoot na kuviweka juu ya kiti cha enzi, kisha yeye akaenda kuishi kama mtawa pale Nandigram nje ya mji na kuiendesha nchi kwa jina la kaka yake, mimi nilivitafsiri kwa vitendo hivi: nilinunua eka chache Muheza kwa malipo ya awamu, mkataba wa mauziano ukaandikwa kwa jina la Kaka tangu siku ya kwanza, mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wakasaini. Kaka hakuhitaji kukubali. Mimi nasimamia, hesabu anatumiwa. Mtu akitaka kufuata njia hii aandike jina la ndugu mwanzoni. Ukisema utahamisha baadaye, utakufa, au utaoa, au utashawishika, na ndugu yako anayajua yote hayo.

Gharama zipo na sizifichi. Posa yangu ilisogezwa mbele kwa sababu fedha zilikwenda kwa muuza shamba na ada za vikao. Mama alikasirika nami kwa muda mrefu, akisema amejidhalilisha kwa ajili yangu na mimi nimempa mtoto wa mwenzake. Hapa Bharat simfuati. Alimtamkia Kaikeyi maneno makali ambayo mwana hamtamkii mama, na tamthilia inamwacha Kaikeyi akizunguka ikuluni kama kivuli kwa miaka. Mama yangu aliogopa, kama Kaikeyi alivyoogopeshwa na Manthara, na katika nyumba ya wake wengi hofu ile ina sababu zake. Sikumkana na sikumsema mbele ya watu. Nilimwambia mara moja, chumbani, kwamba shamba lile siwezi kulila.

Baadaye rafiki wa Kaka, dereva wa lori, alipita Muheza kimya kimya kuuliza kwa mwenyekiti hati ina jina la nani. Baadhi ya ndugu waliona ni dharau. Katika Ramayana ya kale ya mshairi Valmiki, Ram anaporudi baada ya miaka 14 anamtanguliza Hanuman kwa Bharat, na anamwagiza autazame uso wake anaposikia kaka yake anarudi, aone kama amenogewa na utawala. Ram, aliyempenda vile, alikagua. Nilifurahi dereva alikwenda na akakuta alichokuta.

Kuna mwendelezo, Luv Kush, uliopewa majina ya pacha wa Ram, ambao kituo kiliuunganisha mara tu Ramayan ilipokwisha mwezi Aprili. Mwaka 1988 Doordarshan ilipoishia kwenye kutawazwa, wafagiaji wa miji kaskazini mwa India, wanaomheshimu Valmiki kama mtakatifu wao, waligoma mpaka serikali ikakubali sehemu hii itengenezwe. Nawashukuru, ingawa ni nzito kuitazama. Ram sasa ni mfalme, watu wananong'ona kuhusu Sita aliyekaa kwa Ravan, na wajibu wa kiti unamfanya aliyefukuzwa jana kuwa sababu ya mkewe mjamzito kwenda msituni leo. Pacha wake wanakua bila kumjua baba yao. Aaji, aliyemtetea Dasharatha, hapa hakumtetea Ram. Alizima taa yake akasema Sita hakustahili.

Ilinifungua macho kuhusu jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika vikao vyetu. Kaka alikuwa amewakataza watoto wake kuzungumza na babu yao. Wale wadogo hawakuuza shamba la mtu. Nilimwomba mke wa Kaka, yeye akazungumza naye kwa wakati wake, na sasa watoto huja Tanga likizo. Kama mna ugomvi wa wakubwa, hili lishughulikieni mapema, kabla hata ya mali, kwa sababu mtoto hangoji kesi iishe ndipo akue.

Kaka na Baba wanazungumza kwenye simu, mazungumzo mafupi, hasa ya afya na mvua. Idd iliyopita alikuja, akalala kwa mama mkubwa, akapita kuisalimia miche. Hakwenda kumsalimia Mama. Tulsidas anasema pale Chitrakoot, katika mama wote watatu, Ram alimkumbatia Kaikeyi kwanza, kabla ya mama aliyemzaa. Shangazi anataka nimweleze Kaka kisa hicho. Nimekataa. Ram alikifanya bila kuambiwa na mtu, na mimi niliyesomeshwa kwa shamba lake sina mdomo wa kumwomba Kaka awe Ram. Mama amesema mwaka huu atakwenda Mombasa mwenyewe. Ameniomba nimkatie tiketi tu, nisimsindikize.